Biashara ndogo kwenye ramani ya Google na saraka za mtandaoni: mambo ya kupanga kabla hujalipa mtu

Mtu aliyeko Ilala anayeandika "spea za Toyota karibu nami" kwenye simu yake anataka kujua mambo manne: duka liko wapi, limefunguliwa saa hizi, apige namba gani, na waliotangulia walihudumiwa vipi. Ukimjibu hayo manne kwa usahihi, umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Ndiyo maana tunashangaa tunapoona mwenye duka amelipa pesa aingizwe kwenye saraka hamsini (tovuti zinazoorodhesha biashara), kila moja ina namba yake ya simu, mtaa umeandikwa kwa mitindo mitano, na saa za kazi ni za mwaka juzi. Bora orodha tatu unazozikagua kila mwezi.

Kabla ya kufungua akaunti yoyote, kaa chini uandike taarifa zako mara moja kwenye simu: jina la biashara kama linavyosomeka kwenye bango, namba ya simu ikianza na +255 bila ile sifuri ya mbele, mtaa, kata, alama ya karibu, saa za kazi, na maelezo yasiyozidi herufi 750, maana hapo ndipo Google inapokata. Kila unapojisajili, nakili kutoka hapo, usiandike upya kwa kukumbuka. Ukiandika "Mtaa wa Uhuru" huku, "Uhuru St." kule na "Kariakoo" peke yake mahali pengine, ni rahisi mtandao kudhani ni maduka mawili. Utajikuta una wasifu mbili, yaani kurasa mbili, za duka moja na maoni ya wateja yamegawanyika.

Kisha nenda Google. Wasifu wa Biashara, ambao hadi Novemba 2021 uliitwa Google My Business, ni bure. Google yenyewe inaeleza kwamba matokeo ya karibu hupangwa kwa kuangalia vitu vitatu: biashara inalingana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadili. Aliyeko Mbagala ataonyeshwa maduka ya Mbagala kwanza. Mengine mawili yako mikononi mwako.

Fungua wasifu kwa barua pepe ya biashara ambayo nywila yake unayo wewe mwenyewe. Usimwachie kijana wa steshenari afungue kwa barua pepe yake, hata kama ni mtu mwema. Akihama, wasifu unahama naye. Anayekusaidia mwongeze kama msimamizi, wewe ubaki mmiliki. Kama tayari kuna mtu ameushika wasifu wa duka lako, omba umiliki kupitia kitufe cha kudai biashara. Aliyenao ana siku 3 za kujibu, na akinyamaza huenda ukaruhusiwa kuuchukua mwenyewe baada ya kuthibitishwa.

Jina liwe jina. Kama bango limeandikwa Upendo Spea, usijaze "Upendo Spea Vipuri Bei Poa Toyota Nissan Dar es Salaam". Wengi hufanya hivyo wakidhani watapanda juu, na wapo wanaopanda kwa muda, lakini ni kinyume cha kanuni na ni miongoni mwa sababu za kawaida za wasifu kusimamishwa. Maneno hayo yapeleke kwenye kategoria na orodha ya bidhaa. Kategoria kuu ni moja, nyingine unaruhusiwa kuongeza hadi 9, ila usijaze zote. Ile kuu ndiyo yenye uzito, kwa hiyo iwe finyu: mwenye duka la matairi achague duka la matairi, asiishie kwenye "duka la vifaa vya magari".

Anwani na pini

Hapa ndipo biashara za kwetu zinapoumia zaidi. Tumezoea kuandika S.L.P. kama anwani, na Google haikubali sanduku la posta kuwa mahali pa biashara. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, majengo mengi yana namba na barabara zina majina, na programu ya NaPA inaonyesha anwani ya jengo. Tumia hiyo. Kama mtaa wenu bado una utata, chukua Plus Code: bonyeza na ushikilie mahali palipo duka kwenye Google Maps, utaona herufi na tarakimu chache zenye alama ya kujumlisha katikati, zikifuatiwa na jina la mji. Inafaa kwenye kadi, kwenye WhatsApp na kwenye risiti.

Pini ya ramani, ile alama inayoonyesha duka lilipo, inahitaji mkono wako. Chukua Kariakoo. Ukisimama ndani ya jengo la ghorofa saba na kubonyeza "mahali nilipo", GPS inaweza kukuweka mtaa wa pili, kwa sababu kuta na majengo marefu huipotosha. Badilisha ramani iwe ya setilaiti, vuta karibu, kisha sogeza pini hadi kwenye mlango anaoingilia mteja, wala isikae katikati ya paa. Kwenye mstari wa pili wa anwani andika ghorofa na namba ya fremu: "Ghorofa ya 2, fremu 14". Jengo lenye milango ya mitaa miwili, sema upande: "ingia upande wa Mtaa wa Sikukuu". Halafu pima: mtumie lokesheni bodaboda ambaye hajawahi kufika, umwambie aje bila kupiga simu. Akikupigia, tambua kwamba wateja nao wanapotea hapo hapo, na wao wengi hawapigi, wanaingia duka la jirani.

Fundi wa AC, fundi bomba au mpishi wa shughuli asiye na duka asiweke anwani ya nyumbani kwake hadharani. Ficha anwani, taja maeneo unayohudumia. Unaruhusiwa hadi 20, lakini Mbezi Beach, Kunduchi, Tegeta na Goba kwa mtu anayekaa Tegeta zinatosha.

Saa za kazi zina mtego wake. Fomu inahesabu kuanzia saa sita usiku, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Aliyejaza 2:00 hadi 12:00 ameiambia dunia kwamba anafungua saa nane usiku na kufunga saa sita mchana, na kila mteja wa alasiri anaona neno "Imefungwa" kwa maandishi mekundu. Kama mnafunga Ijumaa kwa ajili ya sala, weka vipindi viwili vya siku hiyo, mfano 08:00–12:15 na 14:00–18:00. Sikukuu zina sehemu yake ya saa maalumu. Kwa Idi, jaza siku mbili zinazotarajiwa, kisha rekebisha usiku ule mwezi ukishatangazwa.

Uthibitisho

Siku hizi njia unayopewa mara nyingi ni video. Inapigwa mfululizo, bila kukatwa wala kuhaririwa, na isipungue sekunde 30. Panga njia kabla ya kuanza: anza barabarani, onyesha kibao cha mtaa au jengo linalojulikana, tembea hadi kwenye bango, lisomeke, ingia ndani, onyesha bidhaa au vifaa vya kazi, kisha fanya jambo ambalo mwenye duka tu ndiye anaweza: kufungua droo ya pesa, kufungua stoo kwa ufunguo, kuonyesha leseni. Usirekodi nyuso za wateja. Video nyingi hukataliwa kwa sababu bango halionekani, au jina la bango si lile la kwenye wasifu, au mtu ameanzia ndani ya duka na hakuna kinachothibitisha liko mtaa gani. Bando liwe la kutosha, maana upakiaji ukikatika unaanza upya. Majibu huchukua hadi siku 5 za kazi. Katika siku hizo usibadili jina, anwani wala kategoria.

Wasifu ukisimamishwa, usifungue mwingine. Rekebisha kosa kwanza, kisha kata rufaa. Ukishafungua fomu ya ushahidi una dakika 60 tu za kupakia nyaraka, hivyo ziwe tayari kwenye simu kabla ya kubonyeza. Google hupenda bili za huduma, na hapa wapangaji wa fremu wanakwama: umeme ni wa LUKU, unalipiwa kabla, bili haipo, na bili ya maji ina jina la mwenye nyumba. Tegemea leseni ya biashara inayotaja mahali, cheti cha TIN, cheti cha jina la biashara cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na mkataba wa pango. Vyote visome jina moja. Kama leseni ina jina lako binafsi na bango lina jina lingine, cheti cha BRELA ndicho kinachounganisha hayo mawili. Jina ambalo bado halijasajiliwa, lisajili mapema. Ukisubiri hadi siku ya rufaa umechelewa.

Picha na maoni

Picha: ya nje ikionyesha bango, ya mlango, ya ndani, na tatu au nne za bidhaa. Vipimo vinavyopendekezwa ni pikseli 720 kwa 720, ukubwa kati ya KB 10 na MB 5. Picha ya nje ipige mchana kutoka upande anaotokea mteja, kwa sababu ndiyo atakayoilinganisha na anachokiona akifika. Picha za kuokota mtandaoni hazimsaidii mtu.

Maoni yaombe mara tu baada ya huduma nzuri, kwa kutuma kiungo cha maoni kwenye WhatsApp, au weka QR yake kaunta. Mwombe mteja ataje alichonunua au kilichotengenezwa. "Wamebadilisha brekipedi za Noah kwa saa moja" linamsaidia msomaji kuliko "huduma nzuri". Usitoe punguzo ili upewe nyota, na usikusanye ndugu na marafiki waandike siku moja. La kwanza linakatazwa waziwazi, na maoni yanayomiminika kwa mkupuo yana hatari ya kufutwa yote, hata yale ya kweli.

Maoni mabaya yajibu kwa utulivu, mistari miwili: "Pole sana dada kwa kusubirishwa. Siku hiyo tulikuwa na fundi mmoja tu, na ilitupasa tukwambie mapema. Tafadhali tupigie tuone tutakavyolimaliza." Unayemwandikia zaidi ni yule atakayesoma kesho. Kuripoti kwa Google ni kwa matusi, matangazo au mtu ambaye hakuwahi kuwa mteja. Lalamiko la kweli halifutwi kwa kuripotiwa.

WhatsApp Business iunganishe na haya yote. Kiungo kinaandikwa wa.me/ kisha 255 na tarakimu zako, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri, bila nafasi. Aliyeandika wa.me/07 amewapa wateja mlango usiofunguka. Katalogi inabeba hadi bidhaa 500, ila bidhaa ishirini zenye bei zinauza kuliko mia mbili zenye "njoo inbox". Orodha ya matangazo (broadcast) inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo mwombe mteja ahifadhi namba akiwa bado kaunta.

Saraka nyingine

Baada ya Google, chagua kulingana na mteja wako. Unayeuza vitu vyenye bei moja moja, simu, samani, magari, weka kwenye Jiji, tovuti ya matangazo ya kuuza na kununua. Mwenye hosteli au safari za kitalii, weka Tripadvisor. Bing Places, saraka ya Microsoft, inakubali kuvuta taarifa kutoka kwenye wasifu wa Google, ni kazi ya muda mfupi. Na usidharau OpenStreetMap, ramani iliyojazwa sana Dar es Salaam na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015. Programu kama Organic Maps huitumia bila intaneti, na watalii wengi hutembea nayo. Ingia, weka nukta kwenye jengo lako, jaza aina ya duka, jina, simu na saa. Usinakili chochote kutoka Google Maps kuingiza humo, leseni hairuhusu.

Saraka inayodai ada, iulize maswali matatu: nikitafuta bidhaa yangu na jina la mtaa wangu Google, ukurasa wenu unatokea? Nitaweza kubadili namba yangu mwenyewe? Nikiacha kulipa, taarifa zangu zinafutwa au zinabaki zikiwa na makosa? Jibu la kusitasita linatosha kukufanya uondoke. Naye anayepiga simu akijitambulisha kuwa ni wa Google, akidai malipo ili wasifu usifutwe au akitaka umsomee tarakimu zilizoingia kwa SMS, kata simu.

Hakuna saraka ya kudumu. Jiji ilinunua biashara ya OLX, tovuti nyingine ya matangazo, ya Tanzania, Kenya, Uganda, Nigeria na Ghana mwaka 2019. Machi 2024 Google ilizima tovuti za bure zilizotengenezwa kupitia wasifu, zile zilizoishia na business.site, na waliokuwa wamezichapisha kwenye kadi na magari walibaki na anwani isiyofunguka. Kwenye bango na kadi chapisha namba yako ya simu kwanza.

Kupima, tumia daftari. Kila mteja mpya muulize alikupataje, weka alama moja: ramani, Instagram, WhatsApp au mtu. Linganisha na ukurasa wa utendaji wa wasifu, ukijua kwamba "simu" zinazohesabiwa pale ni watu waliobonyeza kitufe, hata kama hukupokea.

Na ukihama fremu, usifungue wasifu mpya wala usibonyeze "imefungwa kabisa". Badilisha anwani na pini kwenye wasifu ule ule ili maoni yako yahame nawe, weka bango jipya kabla ya kufanya hivyo kwa kuwa huenda ukatakiwa video tena, kisha pitia saraka nyingine moja moja siku hiyo hiyo. Kwenye fremu ya zamani bandika karatasi yenye namba ya simu na Plus Code mpya, ukimwomba mpangaji anayeingia aiache hapo walau mwezi mmoja.