Ukikreki, Unamkomoa Nani?

Ukimuuliza mtu kwa nini kompyuta yake imejaa programu za kukreki, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bila leseni, mara nyingi atakujibu kishujaa: "Hawa matajiri wana hela kibao, mimi nikichukua moja watapungukiwa nini?" Mimi natengeneza kompyuta za watu, na pembeni napanga kurasa za vitabu na vipeperushi, kwa hiyo jibu hilo nalisikia kwa wateja na kwa wenzangu wa kazi pia. Sina mpango wa kuhubiri kwamba wizi ni dhambi. Hilo kila mtu analijua na bado watu wanakreki. Nataka tubishane kuhusu hiki kidai cha kumkomoa tajiri.

Mwaka 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi akilalamika kwamba wengi wao wanatumia BASIC, lugha ya kuandikia programu iliyouzwa na kampuni yake ya Microsoft, bila kulipa. Ni barua yenye hasira. Mwaka 1998, sasa akiwa tajiri namba moja duniani, alizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington na habari ya Uchina, ambako watu walikuwa wakitumia programu bila kulipa, ikaguswa. Safari hii hakuwa na hasira. Alisema kwamba maadamu watu wataiba tu, afadhali waibe za kwetu. Watazizoea, halafu katika muongo unaofuata tutajua namna ya kuwatoza.

Mwenye mali mwenyewe, basi, alishaona kwamba anayemwibia leo ni mteja wake wa kesho. Na hesabu yake ilikuwa nzuri. Anayekreki Photoshop humfundisha mdogo wake Photoshop, huwatumia wenzake faili za PSD, zile za Photoshop yenyewe, na siku akiajiriwa humwambia bosi kwamba bila Photoshop kazi haiendi. Bosi analipa. Tajiri amepata wakala asiyedai mshahara. Anayeumia ni yule aliyeandika programu ndogo nzuri akaiuza kwa bei ya chini, au kikundi kinachotengeneza ya bure. Mbele ya kampuni kubwa, wao silaha yao ni bei, na kreki inawanyang'anya hiyo silaha, maana ile kubwa nayo imeshakuwa "bure".

Huyo ni wa kwanza kuumia. Wa pili ni wewe.

Kompyuta ikiletwa kwangu, huanza kwa kuchungulia folda ya vitu vilivyopakuliwa. Ndani ya kifurushi cha kreki huwa kuna kifaili cha maelekezo, na maelekezo yenyewe hayatofautiani sana: zima antivairasi, kata intaneti, endesha programu kwa mamlaka ya msimamizi, usiruhusu apdeti hata siku moja. Mgeni akibisha hodi usiku, akataka ufunge mbwa, uzime taa na umkabidhi funguo za vyumba vyote ndipo aingie, utamfungulia? Wapo wanaosema antivairasi inapiga kelele tu kwa kuwa imeona kreki, hakuna kirusi chochote. Wakati mwingine ni kweli. Lakini ukishaizoea hiyo kauli, siku kirusi kikiwemo kweli utaipuuza kelele ileile.

Na huwemo. Mwaka 2021 watafiti wa usalama walitoa onyo kuhusu nakala bandia za KMSPico, ile programu ya kuwashia Windows na Office bila leseni, zilizobeba CryptBot, kirusi cha kuiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Wenye Mac wasicheke: mwaka 2020 kirusi kiitwacho ThiefQuest kilisambazwa ndani ya nakala za wizi za programu za Mac, Little Snitch ikiwa mojawapo. Wajenzi wa tovuti nao wana kirusi kiitwacho WP-VCD, kilichosambaa kupitia mandhari na programu-jalizi za WordPress zilizokrekiwa.

Mteja wangu mmoja aliibiwa akaunti ya biashara yake ya mtandaoni. Akairudisha, akabadilisha nywila, ikaibiwa tena. Alikuwa anatumia uthibitisho wa hatua mbili na hakuelewa mwizi anapitia wapi. Sasa, ukishaingia kwenye akaunti, kivinjari huhifadhi kuki inayoitambulisha ziara yako ili usiulizwe nywila kila dakika. Virusi vya wizi huinakili kuki hiyo na kuituma kwa mwenye navyo, naye anaingia kama wewe, bila nywila wala namba ya siri ya simu. Mteja kila akibadilisha nywila, alikuwa anaibadilishia kwenye kompyuta ileile yenye kirusi. Chanzo kilikuwa programu ya kuhariri video ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, aliitumia kukata vipande na kuweka maandishi tu.

Hapo ndipo ushauri wangu unapoanzia. Kabla ya kutafuta programu, andika kazi unayotaka kufanya, siyo jina la programu. Watu wengi wanakreki mtambo wa studio ya filamu kwa kazi ambayo Shotcut au Kdenlive, programu za bure za kuhariri video, ingeimaliza, tena kwenye kompyuta dhaifu. Mwenye kompyuta yenye nguvu ana DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure linatosha hata kwa watu wanaolipwa kwa kuhariri.

Kwa barua, ripoti na mahesabu, LibreOffice, ambayo ni ya bure, inatosha. Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni kwamba waraka ukitoka huko na kufunguliwa kwenye Word unaharibika mpangilio. Mara nyingi tatizo ni fonti, wala siyo programu. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, kwa hiyo kompyuta isiyo nazo huweka fonti nyingine na mistari inasogea. Sakinisha Carlito na Caladea, zilizochorwa makusudi zikiwa na vipimo sawa na hizo mbili, uone tofauti. Na kama unayemtumia hatakiwi kuuhariri waraka, mtumie PDF, yaishe.

Kwenye picha sitakudanganya. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ina mazoea yake, na anayetoka Photoshop atanung'unika wiki za mwanzo. Toleo la 3.0 la mwaka 2025 limepunguza manung'uniko hayo. Udhaifu wake mkubwa kwangu ni CMYK, rangi za kuchapishia. Kazi za kuchapwa kiwandani mimi nazipanga kwa Scribus, nembo nachora kwa Inkscape, zote za bure. Mafundi wa michoro ya majengo ndio wenye haki ya kulalamika zaidi: faili za DWG, zile za AutoCAD, zinawafunga, na LibreCAD ya bure haifiki mbali nazo. Wanafunzi wao waangalie kwanza leseni za masomo, kwa sababu Autodesk, wenye AutoCAD, huwapa bure wanafunzi wenye vigezo. Ajabu ni wangapi wanakreki kitu ambacho wangepewa kwa kuomba.

Anayedhani programu za bure ni za kujifunzia tu aitazame Blender, programu ya kutengeneza katuni na michoro ya 3D. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilipofilisika, Ton Roosendaal, mwanzilishi wake, aliomba umma uchange euro 100,000 ili msimbo wake ununuliwe na kuachiwa huru. Fedha zikapatikana ndani ya wiki saba. Mwaka 2025 filamu ya katuni kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa Blender ilichukua tuzo ya Oscar. Kwa hiyo ukiitumia ikakuingizia riziki, changia kidogo. Ya bure nayo ina watu wanaokesha kuitengeneza.

Kulipa nako kuna akili yake. Mimi kazi ikilazimisha programu ya kulipia, nalipia mwezi wa ile kazi na gharama naiingiza kwenye ankara ya mteja, kama ninavyoingiza usafiri. Ila soma masharti kabla hujabofya: kuna mipango inayotozwa kila mwezi kumbe ni mkataba wa mwaka mzima, na ukiukatisha mapema unalipishwa. Zipo pia programu zinazouzwa mara moja tu bila ada ya kila mwezi. Hizo ndizo ninazozinunua kwa moyo mweupe.

Windows yenyewe haina haja ya aktiveta, yaani programu kama ile KMSPico. Unaweza kuisakinisha bila ufunguo na ikafanya kazi. Utavumilia maandishi ya kukukumbusha pembeni mwa skrini na kunyimwa baadhi ya mapambo. Apdeti za usalama zinakuja. Kwa kompyuta ya zamani, hasa baada ya Windows 10 kuacha kuhudumiwa Oktoba 2025, Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaowekwa badala ya Windows, ni jibu zuri kwa mtu anayevinjari na kuandika.

Ukiamua kuhama, tahadhari mbili. Programu ya bure ipakue kwenye tovuti yake rasmi, usibofye tangazo la juu kwenye matokeo ya utafutaji, kwani matapeli wamewahi kununua matangazo ya GIMP bandia. Na kufuta kreki hakuondoi ilichokileta. Hifadhi nyaraka na picha zako peke yake, usibebe faili yoyote ya kusakinishia, kisha futa diski na uanze upya. Nywila zibadilishie kwenye kifaa kingine kisichowahi kuguswa na kreki, na kwenye kila akaunti ubofye chaguo la kuondoka (log out) kwenye vifaa vyote. Anza na baruapepe, maana nywila za akaunti nyingine zinarejeshwa kupitia hapo.