Sindano iliyopita bila miwani: yaliyonipata na mtoto wa jicho

Nilianza kushona kofia za vito nikiwa na miaka 12, kwenye baraza ya bibi yangu Kibokoni, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Nilipofika miaka 59 lilinitokea jambo lililonifurahisha mno. Miwani ya kusomea niliyoivaa zaidi ya miaka kumi ilianza kunisumbua. Siku moja nikaivua, nikaulenga uzi kwenye tundu la sindano, ukapita mara ya kwanza. Nikampigia simu dada yangu Kisauni kumwambia kuwa Mungu amenirudishia macho ya ujana.

Kumbe ile ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa.

Nilikuja kuelezwa baadaye. Nyuma ya mboni kuna lenzi ndogo, laini na angavu, inayokusanya mwanga na kuupeleka kwenye pazia la nyuma ya jicho. Miaka inavyokwenda, protini za lenzi hiyo huharibika na kugandana, uangavu ukapotea. Huo ndio mtoto wa jicho. Kwa baadhi ya watu kiini cha lenzi hutangulia kuwa kigumu, na hapo lenzi huukunja mwanga zaidi ya kawaida. Mtu akaanza kuona vizuri vya karibu, huku vya mbali vinamtoroka. Ni nafuu ya muda tu. Kwa hiyo mzazi wako akikwambia amepona ghafla, hahitaji tena miwani ya kusomea, furahi naye lakini wiki hiyohiyo mpeleke akapimwe.

Mimi sikwenda. Nilikuwa nashona bila miwani, ya nini kwenda hospitali? Kwamba matatu ilinibidi niisubiri isimame mbele yangu ndipo nijue inakwenda wapi, nililaumu vumbi. Kwamba taa za pikipiki usiku zilikuwa zinanichomea macho na kutawanyika kama jua, nililaumu hizo taa mpya kali. Nilishtuka siku mteja aliporudisha kofia. Alikuwa ameagiza maua ya buluu iliyokolea, na maua mawili nilikuwa nimeyashona kwa uzi mweusi. Nilizitoa rili mbili za uzi nikaziweka kando kando kwenye mwanga wa dirisha. Sikuona tofauti. Lenzi iliyochafuka inageuka rangi ya manjano, hata hudhurungi, na inaizuia buluu isipite. Fundi aliyeshona miaka 47 hajui nyeusi na buluu! Nililia siku ile, sifichi.

Mtaani kila mtu alikuwa na lake. Kubwa lilikuwa hili: subiri, mtoto wa jicho lazima akomae ndipo atolewe. Ushauri huo ulikuwa na sababu zamani, wakati lenzi ilikuwa ikitolewa nzima kupitia mkato mkubwa. Siku hizi anatolewa pale anapoanza kukuzuia kufanya kazi zako. Ukimwacha akakomaa sana lenzi inakuwa ngumu kama jiwe na upasuaji unakuwa mzito zaidi, na wakati mwingine lenzi huvimba au kuvuja na kupandisha presha ndani ya jicho. Hapo jicho linauma, linakuwa jekundu, na uoni unaweza kupotea moja kwa moja. Nilipoteza karibu mwaka mzima nikisubiri akomae, na huo mwaka ndio unaonifanya niandike haya.

Wengine walinishauri asali, wengine maziwa ya mama, mmoja maji ya ndimu. Hakuna tone wala mmea unaoirudishia uangavu lenzi iliyokwisha chafuka. Kilichoko ndani ya jicho hakifikiwi kwa kupaka nje, na ndimu inaweza kuunguza kioo cha mbele cha jicho. Wala usimchanganye na kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kuitambaa mboni, ambacho huku pwani ni kingi kwa jua na upepo. Hicho ni kitu kingine. Na mtoto wa jicho haambukizi. Jicho la pili likiugua, limeugua kwa wakati wake.

Kuna jambo linaniuma zaidi. Miaka kadhaa nyuma macho yalikuwa yananiwasha, nikanunua matone kwenye duka la dawa bila cheti cha daktari. Yalinituliza ndani ya siku mbili, basi kila yakiisha nikanunua mengine, miezi kwa miezi, na hakuna aliyeniuliza. Yalikuwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Matone ya aina hiyo yakitumiwa muda mrefu bila daktari huleta mtoto wa jicho na hata glakoma, ile presha ya macho inayoua mshipa wa kuonea. Daktari aliniambia hawezi kunipimia ni kiasi gani kimetokana na umri, kiasi gani na ugonjwa wangu wa sukari na kiasi gani na yale matone. Ninachokuomba ni kuwa ukinunua matone ya macho ya mwanao, uliza kama yana steroidi. Uliza kwa sauti. Na kama ni mtoto mchanga na mboni yake inaonekana nyeupe, usingoje hata wiki, kwa sababu ubongo wa mtoto hujifunza kuona miaka ya mwanzo tu.

Hapa kwetu hatuna sababu ya kukaa gizani. Hospitali ya Rufaa ya Coast General ina kitengo cha macho, kuna Lighthouse for Christ hapahapa Mombasa, na ukivuka feri ya Likoni kuna Kwale Eye Centre. Kuhusu malipo, NHIF, ile bima ya hospitali ya taifa, ilikwisha na SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikachukua nafasi yake Oktoba 2024, kwa hiyo kabla ya kupangiwa tarehe waulize wenyewe hospitalini bima italipa nini na wewe utalipa nini, lenzi ikiwemo.

Siku ya vipimo nilikuwa nimejiandaa kwa sindano na visu, kumbe siku hiyo kazi kubwa ilikuwa maongezi. Walinipanua mboni kwa matone, wakaangalia pazia la nyuma kama sukari imeliharibu, wakapima urefu wa jicho na mkunjo wa kioo cha mbele ili wajue nguvu ya lenzi ya kuniwekea. Kisha daktari akaniuliza, "Mama, kazi yako ni gani?"

Nusura nimjibu kwamba nipo nyumbani tu. Mwanangu, aliyenisindikiza, akasema, "Mama hushona kofia." Daktari akaweka kalamu chini. Akanieleza kuwa lenzi ya kawaida inaona vizuri umbali mmoja tu. Wengi huchagua mbali, kisha wanavaa miwani ya kusomea. Lakini mtu anayekaa saa sita kwa siku akitazama kitambaa kilicho mapajani anaweza kuchagua karibu, akavaa miwani akitoka nje. Jirani yetu dereva wa tuktuk alichagua mbali, na kwake ndiyo sawa. Mimi nilichagua karibu. Ningenyamaza ningewekewa lenzi ya dereva, na hiyo haibadilishwi kirahisi kama miwani. Mwambieni daktari mikono yenu inafanya nini kutwa: kama unasoma Kurani, kama unavua, kama unakata mboga sokoni Kongowea.

Mwambie pia dawa zako zote. Wazee wa kiume wanaona haya kutaja dawa ya tezi dume, na hiyo ndiyo muhimu mno: tamsulosini huifanya ile sehemu yenye rangi ya jicho ilegee na kupwaya wakati wa upasuaji, na daktari akijua mapema anajiandaa. Usiiache kimya kimya ukadhani umetatua, maana hata ukiiacha athari hubaki.

Mara ya kwanza nilirudishwa nyumbani kwa sababu sukari ilikuwa juu. Niliumia, lakini walikuwa sahihi. Sukari ikipanda, kidonda hakiponi vizuri na maambukizi hupata nafasi. Nilirudi baada ya wiki tatu.

Kuhusu upasuaji wenyewe, jicho halitolewi nje, hilo lifute kabisa. Unalala chali, uso umefunikwa kitambaa chenye tundu, na kuna kifaa kidogo kinachozuia kope zisifunge, kwa hiyo usiogope kuwa utapepesa. Nilichomwa sindano ya ganzi pembeni ya jicho. Ilichoma kisha ikawa kama shavu limelala. Wengine hupewa ganzi ya matone tu. Nilisikia mashine ikilia kwa chini, nikahisi maji yanatiririka, na mwanga ukabadilika kutoka mweupe kwenda waridi kwenda buluu. Buluu! Niliifahamu palepale mezani. Mimi walitumia mashine ya mawimbi ya sauti inayoivunja lenzi na kuifyonza. Kuna pia njia ya mkato mdogo isiyotaka mashine hiyo, ambayo kwa lenzi ngumu ni njia nzuri sana, usiidharau. Haikufika nusu saa. Kama una kikohozi, sema kabla hujalazwa.

Nilikuwa naogopa kitu cha plastiki kukaa ndani ya jicho mpaka nife. Kilichonituliza ni hadithi ya kweli ya daktari Mwingereza, Harold Ridley. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliona marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege, na macho hayakuvikataa. Tarehe 29 Novemba 1949, kule London, akamtoa mgonjwa lenzi na kuanza kazi ya kumwekea ya plastiki. Bibi yangu alitolewa mtoto wa jicho bila kuwekewa lenzi, akavaa miwani mizito kama vitako vya chupa hadi alipokufa. Nikimkumbuka akiinua kichwa kututafuta barazani, najua nimepewa kitu gani.

Siku ya pili bandeji ilitolewa. Jicho lilikuwa na machozi na mwasho kama mchanga, na kulikuwa na ukungu kidogo ulioondoka ndani ya siku chache. Matone nilitia karibu mwezi mzima, yakipunguzwa pole pole. Niliambiwa nisisugue jicho, nilale na kikinga cha plastiki, nisiinamishe kichwa, nisiinue ndoo, maji ya bomba yasiingie jichoni, na nikae mbali na moshi wa jiko la makaa. Wiki hizo mkaza mwanangu ndiye aliyechoma mahamri.

Wengi mtataka kujua habari ya sala. Nilimuuliza daktari, kisha nikamuuliza shekhe wa msikiti wetu. Niliswali kwenye kiti, nikiashiria sijida bila kuinama, na udhu wa uso shekhe alinielekeza namna ya kulikwepa lile jicho. Uliza wako mapema, usije ukainama kwa mazoea alfajiri ya kwanza.

Maumivu makali, wekundu unaozidi, usaha, au uoni unaoshuka badala ya kupanda ni mambo ya kurudi hospitalini siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Vimulimuli au kivuli kama pazia pia. Lakini ukungu ukija pole pole baada ya miezi au miaka, si kwamba mtoto wa jicho amerudi. Ni ule mfuko mwembamba ulioishika lenzi umechafuka, na hufunguliwa kwa leza kwa dakika chache.

Jicho la kushoto limepangiwa mwezi ujao. Kwa sasa nikilifumba la kulia, ukuta wa jirani una rangi ya chai ya maziwa. Nikilifumba la kushoto, ni mweupe, na nikivaa miwani yangu ya mbali naona mpaka alama za brashi ya chokaa.