Saikolojia haikuanza na Freud

Hapana kaka, uliyeuliza kama Freud ndiye mwanzilishi wa saikolojia. Wilhelm Wundt alishafungua maabara yake ya saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia, huko Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Freud, daktari wa Vienna, alivuma baadaye. Mwaka 1913 mwanasaikolojia Watson wa Marekani akawageuka wote: ya moyoni tuyaache, tupime vitendo tu. Baadaye akaegemea majaribio ya mbwa wa Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, wale waliotokwa na udenda kwa ishara tu, kabla chakula hakijafika mdomoni. Hapa mtaani kwetu Ngamiani wala huhitaji mbwa, kengele ya baiskeli ya muuza aiskrimu ikilia watazame watoto! Ila wangu akiisikia huja kwanza kunipa pole ya kazi, ndipo aombe hela. Hapo Watson ananipwaya, kupima vitendo tu hakunielezi kilichomo moyoni mwake. Si ajabu miaka ya 1950 wanasaikolojia wengi wakarudi kuchunguza fikra.