Maswali Yenu: Arctic Monkeys, Sidii za Bure na Yule Jamaa wa Sigara

Wiki iliyopita niliigusa albamu ya kwanza ya Arctic Monkeys, bendi ya roki ya vijana wanne wa Sheffield, Uingereza, walioitoa Januari 23, 2006, na barua zikamiminika. Nusu yake zinauliza jambo moja, basi tuanze nalo tulimalize.

Kaka, si ni MySpace iliyowatoa hawa? Bila intaneti nani angewajua? (Mombasa)

Nimechoka na hadithi hii. Waandishi waliipenda kwa sababu inaandikika kwa dakika kumi. Vijana wenyewe walisema ukurasa wao wa MySpace, mtandao wa kijamii wa enzi hizo, ulifunguliwa na mashabiki, wao hawakuwa hata na habari nao.

Ilivyokuwa ni hivi. Juni 2003 walipiga shoo yao ya kwanza kwenye baa iitwayo The Grapes, hapo hapo Sheffield, miezi kumi na minane hivi tangu mwimbaji Alex Turner na mpiga gitaa Jamie Cook wapewe gitaa kama zawadi ya Krismasi. Wakarekodi demo, yaani nyimbo za majaribio, wakazichoma kwenye sidii na kuzigawa bure kwenye shoo zao. Sidii hazikutosha, kwa hiyo aliyepata alimchomea mwenzake, na waliochomewa wakazipandisha mtandaoni. Mkusanyiko ule mashabiki wakauita Beneath the Boardwalk, kwa jina la ukumbi ambako Turner alikuwa akiuza baa. Bendi ilipotoka kwenda kupiga miji mingine, ikakuta watu wanaimba neno kwa neno nyimbo ambazo hakuna duka lililokuwa nazo.

Intaneti ilisafirisha mzigo. Mzigo ulifungwa ukumbini, kwa mikono, mbele ya watu waliokuja na jasho lao. Anayekuuzia kozi ya "kutoka kimuziki mtandaoni" akitumia mfano wa bendi hii, shika pochi yako.

Ni kweli ndiyo albamu iliyouza haraka kuliko zote duniani?

Hapana. Ni Uingereza, ni albamu ya kwanza ya msanii, na ni wakati ule: nakala 363,735 kwa wiki moja. Marekani waliingia namba 24 tu. Ila angalia majirani zake kwenye rekodi hiyo. Waliokuwa wakiishikilia ni Hear'Say, kundi lililoundwa na shindano la televisheni mwaka 2001. Aliyewapita mwaka 2007 ni Leona Lewis, naye mshindi wa shindano la televisheni. Katikati wamekaa vijana wa mtaani waliosainiwa na Domino, lebo huru isiyo na ubavu wa makampuni makubwa. Na kumbuka nyimbo nyingi za mle ndani zilikuwa zimeshazagaa bure zaidi ya mwaka. Watu walinunua walichokuwa nacho tayari.

Naomba linki ya kudownload bure. (hawa ni kumi na wanne)

Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Bendi kugawa cha kwake ni hiari yake; wewe kugawa cha mwenzako kina jina lingine. Halafu hayo mafaili mnayookota ndiyo yanayowaulia simu, kisha mnaniandikia tena.

Jina la albamu lina maana gani? Mbona refu hivyo?

Whatever People Say I Am, That's What I'm Not. Kwa Kiswahili chetu ningesema: wanavyosema nilivyo, ndivyo nisivyo. Limetoka kwenye riwaya ya Alan Sillitoe ya mwaka 1958, kinywani mwa kijana wa kiwandani mjini Nottingham ambaye wiki nzima yuko kwenye mashine na Jumamosi yuko kwenye pombe. Ukishajua hilo, albamu nzima inafunguka, maana nayo ni usiku mmoja mrefu wa wikendi: foleni ya klabu, mabaunsa, teksi, ugomvi, mpenzi aliyenuna.

Kuhusu huyo aliyenuna, mmoja ameuliza "mardy" ni neno gani, hajaliona kwenye kamusi yake. Ni Kiingereza cha huko kwao, maana yake mwenye kisirani, wa kununanuna. Turner aliimba kwa lafudhi ya nyumbani, na wimbo mmoja wa mle ndani unawasuta wenzao wanaojifanya watu wa San Francisco. Ninyi mnaorap kwa lafudhi ya Atlanta na hamjawahi kuvuka hata Namanga, sikilizeni huo mara mbili.

Yule anayevuta sigara kwenye kava ndiye mwimbaji?

Siye. Ni rafiki yao, Chris McClure. Walimpa hela akanywe na wenzake Liverpool, picha ikapigwa usiku wa manane, ndiyo maana macho yako vile. Mkuu mmoja wa huduma ya afya ya Scotland alilalamika kwamba kava inahalalisha sigara. Watu wa bendi wakajibu: mtazameni vizuri, anaonekana kama sigara inamsaidia? Mimi nina sidii yenyewe, kasha limepasuka pembe. Ukifungua unakutana na picha ya kisahani cha majivu kilichojaa vichungi, imechapwa juu ya sidii. Kwenye simu huioni hiyo.

Mpiga besi ni nani?

Kwenye albamu hii, Andy Nicholson. Aliondoka 2006 hiyo hiyo, akaingia Nick O'Malley. Acheni kubishana.

Sijawahi kuisikia. Nianze na wimbo upi?

Wengi watakutuma kwa ule wa dansi, I Bet You Look Good on the Dancefloor, uliokuwa namba moja Uingereza Oktoba 2005. Mzuri, lakini wewe anza na wa mwisho, A Certain Romance, dakika tano na nusu. Unaanza kwa kuwacheka vijana wa mtaani, na kabla haujaisha mwimbaji anagundua kuwa baadhi yao ni rafiki zake. Ila usiusikilize kwa spika ya simu. Mpiga ngoma wao, Matt Helders, anafungua kwa ngoma kama anayebomoa kibanda, na kwenye simu utasikia mabati tu.