Nimbus: mvua, wingu au nuru ya watakatifu?

Swali: Kitabu cha jiografia kinasema nimbus ni wingu la mvua. Kwenye maelezo ya picha za watakatifu, neno hilohilo ni duara la nuru kichwani. Lipi sahihi, na kwa Kiswahili tuliandikeje?

Jibu: Yote mawili ni sahihi. Kwa Kilatini, nimbus ni mvua ya ghafla yenye dhoruba, na pia wingu jeusi linaloileta. Mvua kwa jumla Warumi waliiita pluvia. Ile ya kumwagika kwa nguvu ni imber. Washairi wakalipanua neno: Virgil analitumia hata kwa umati wa askari wa miguu. Kwa hiyo, ukitafsiri matini ya Kilatini, tazama kitenzi kabla ya kuandika “wingu”. Ile nuru nayo ilitokana na wingu ling’aalo lililosemekana kuwazunguka miungu.

Katika jiografia kuna jambo la kuangalia zaidi. Luke Howard, Mwingereza aliyewasilisha mfumo wake wa kuainisha mawingu huko London mwaka 1802, aliita nimbus wingu linaloleta mvua. Leo nimbus peke yake haimo katika jenasi 10 za mawingu, yaani makundi yake makuu. Imebaki ndani ya majina mawili: nimbostratus, zito la kijivu, hutanda anga yote na kuleta mvua ya saa nyingi bila ngurumo; na cumulonimbus, linalopanda juu sana na kuleta radi, ngurumo na pengine mvua ya mawe. Mwanafunzi anayejibu “nimbus” tu hajasema ni lipi kati ya hayo.

Tahajia ifuate mfano wa virusi, kutoka virus ya Kilatini: nimbusi, nimbostratusi, kumulonimbusi. “Nimbasi” siipendekezi, kwa sababu inafuata matamshi ya Kiingereza ilhali neno ni la Kilatini. Upatanisho nao huwapotosha wengi. Sema “wingu la kumulonimbusi limetanda”, si “wingu ya kumulonimbusi imetanda”. Ukiondoa neno wingu, tumia ngeli ya I-/ZI-: “kumulonimbusi imetanda”. Tena wingu hutanda, hukusanyika au huleta mvua. Kinachonyesha ni mvua yenyewe. Sentensi “kumulonimbusi ilinyesha polepole usiku kucha” ina makosa mawili: kitenzi hakilifai wingu, na mvua ya namna hiyo ni ya nimbostratusi.

Kwa picha za watakatifu, andika “duara la nuru”. Kila msomaji ataelewa.