Mbwa kameza kapsuli ya ADHD ya mtoto: usingoje dalili

Ndugu, umeuliza kama ungoje mpaka kesho, maana mbwa wako aliyemeza kapsuli ya mwanao ya ADHD (tatizo la kushindwa kutulia na kuzingatia) bado anaonekana mzima. Usingoje. Mimi nilingoja.

Niko Minnesota, Marekani. Mwanangu anatumia Adderall ya miligramu 20, ile inayoachia dawa polepole. Asubuhi moja ilimponyoka mezani, na kabla hajainama mbwa wetu Bobi kaidaka. Bobi ana kilo 5 tu, kwa hiyo piga hesabu: miligramu 4 kwa kila kilo ya mwili wake. Akanywa maji, akalala, nikasema yamepita.

Baada ya saa tatu hivi akaanza kuizunguka meza, upande ule ule, hakomi. Mboni zilitanuka hadi macho yakawa meusi tupu. Alihema kama aliyetoka kukimbizwa juani. Nilipomshika kifuani, moyo ulienda mbio nikashindwa kuyahesabu mapigo, na masikio yalikuwa ya moto.

Ndani ya dawa ile mna amfetamini. Huusukuma ubongo na moyo kupita kiasi, mwili unapanda joto, misuli inatetemeka, kisha degedege, na mbwa anaweza kufa. Ritalin na Concerta, nazo za ADHD, ni dawa ya aina nyingine, ila dalili ni hizo hizo. Zile za polepole huchelewa kuanza, halafu hukaa mwilini muda mrefu. Huo uzima unaouona usikudanganye.

Kwetu mbwa akila sumu hunyweshwa maziwa, mafuta, au maji ya chumvi. Mama mkwe alinielekeza hivyo kwenye simu, kwa nia njema kabisa. Usifanye. Chumvi nyingi nayo ni sumu kwa mbwa, na anayetetemeka akitapishwa anaweza kupaliwa, matapishi yakaingia mapafuni. Daktari wa mifugo humtapisha kabla dalili hazijaanza, na wewe nafasi hiyo huenda bado unayo. Mimi niliipoteza.

Bobi alilazwa siku mbili: dripu, sindano za kumtuliza, chumba cha giza kisicho na kelele, joto likipimwa kila mara. Alipona.

Beba kopo la dawa, wasome jina, miligramu, na kama ni ya polepole. Ukiwa Marekani, kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA, shirika la kutetea wanyama, hupokea simu saa 24. Wanatoza ada, lipa tu. Garini zima redio, usimfunike blanketi. Ukifika tuandikie anaendeleaje, tafadhali.