Eti ukijilipua (yaani ukiomba ukimbizi) kwa gia ya mapenzi ya jinsia moja makaratasi yanatoka kiulaini?

Mleta mada ameuliza kama ni kweli hapa Uingereza ukisema unapenda jinsia yako unapewa ukimbizi chapchap, na wachangiaji kadhaa wamemjibu "ndiyo, watahakiki vipi?" Mimi nimepita njia hiyo. Mwanamke wa Dar, niliolewa, nina watoto.

Huko kutohakikika ndiko kunakotuumiza. Zamani maafisa wa uhamiaji hawakubishana sana na ulivyo. Walikwambia rudi kwenu, kaa kimya, hakuna atakayekugusa. Mahakama ya Juu ya hapa Uingereza ikaifuta hoja hiyo Julai 2010, kesi ya Mwirani na Mkameruni: mtu anayejificha maisha yake yote kwa kuogopa kuteswa hawezi kuhesabiwa yuko salama. Tangu hapo ugomvi umehamia kwenye kuaminiwa. Na kwa walioomba kuanzia 28 Juni 2022, sheria imekaza zaidi: uonyeshe kwamba madai yako kuhusu ulivyo, na hofu yako, yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko uongo. Hatari ya huko nyumbani bado inapimwa kwa kipimo chepesi.

Sasa mtu anaaminiwaje? Mahojiano ya kwanza mkalimani wangu alikuwa baba wa makamo, Mswahili mwenzetu. Shikamoo ilinitoka kabla sijakaa. Mtu uliyekwisha kumwamkia hivyo, utamweleza vipi habari za mwanamke uliyelala naye? Nikasema nina matatizo na familia, basi.

Mahojiano makubwa niliomba mkalimani mwanamke, nikapewa. Wakataka safari ya moyo: uligundua lini, ulijisikiaje. Jamani, kwetu nani aliwahi kuniuliza najisikiaje kuhusu jambo lolote! Nilijibu kwa vipande vipande. Barua ya kukataliwa ikashika mambo mawili, kwamba sikusema mapema na kwamba niliolewa. Wakati Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishaamua Desemba 2014, kwenye kesi ya Uholanzi, kwamba kuchelewa kusema peke yake hakutoshi kumwona mtu mwongo. Hukumu hiyo hiyo ilikataa picha na video za chumbani kuwa ushahidi, kwa hiyo acheni kushauriana ujinga huo.

Waongo wapo, sibishi. Nimewaona wakikaririshana hadithi. Ila hadithi ya kukariri ndiyo inayotiririka vizuri mbele ya afisa, na aliyezoea kuficha tangu utotoni ndiye anayegugumia. Ukipima ukweli kwa ufasaha, unamtupa nje yule hasa aliyekimbia.

Kwenye rufaa hakimu aliuliza swali ambalo afisa hakuliuliza: ndoa ile ilipangwa na nani? Nikaeleza kuhusu baba zangu wadogo, mahari, na kilichotokea nilipogoma. Rafiki yangu wa miaka mingi akatoa ushahidi. Nikashinda, ila wakili mzuri wa msaada wa kisheria hupatikana kwa bahati, na hapo ndipo haki inapopungukia wengi.

Kwa dada aliyeniandikia pembeni: omba mapema, kwa maandishi, jinsia ya afisa na ya mkalimani. Dai nakala ya mahojiano, uisome na wakili wako, upeleke masahihisho kabla uamuzi haujatoka. Ukikataliwa ukiwa hapa nchini una siku 14 za kukata rufaa, na zinaanza kuhesabiwa barua inapotumwa, hata kama wakili yuko likizo.